Mavumbi ya Nyota Iliyozeeka

Habari hii ilianza kwa ufagio.

Ilikuwa katika Kwaresima, hapa kwetu Cimpunda, komini ya Kadutu, mjini Bukavu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri. Wanaokijua kilima chetu wanajua ya kuwa ikinyesha hivyo njia zote hugeuka utelezi mtupu, na kila mtu hukaa kwake akisikiliza mabati. Jioni mvua ilipopungua nikasikia kelele upande wa juu. Nilizitambua sauti, na nyumba pia niliitambua.

Mwenye nyumba ile ni mama mjane. Umri wake umepita miaka 70. Hesabu kamili hana, maana alizaliwa kijijini mahali ambapo siku hizo watoto hawakuandikwa. Mumewe alifariki miaka miwili kabla, akaacha parsele ndogo yenye nyumba ya mbao, pamoja na watoto wa wake wawili wasiopatana. Juma lile mtoto wa jirani alikuwa amekufa kwa homa. Yaliyofuata wengi wenu mwaweza kuyasema bila mimi. Mmoja alisema alimwona mama akimpa mtoto ndizi. Mwingine akasema macho yake yamekuwa mekundu. Kweli yalikuwa mekundu, kwa kuwa mvua inaponyesha yeye hupika ndani ya nyumba, na makala yaliyolowa hutoa moshi. Hata hivyo jioni ile vijana wapatao 12 walikuwa wamesimama mlangoni pake.

Kijana mmoja alikuwa na ufagio. Alifagia kizingiti cha mama akisema kwa sauti, watu wote wasikie: «Mwalimu alitufundisha Jumatano ya Majivu ya kuwa sisi ni mavumbi. Basi, mavumbi hufagiliwa.»

Mwalimu huyo ni mimi.

Sharti niseme na jambo jingine, hata kama laniaibisha. Nilisikia kelele mapema. Nilisimama nyuma ya mlango wangu kadiri ya nusu saa, nikijiambia ya kuwa namngoja mkuu wa mtaa, ya kuwa si vema katekista aende peke yake, ya kuwa giza limeingia. Sababu zote hizo zilikuwa nzuri, lakini sababu iliyonishika kweli ilikuwa woga. Nilipofika, mkuu wa mtaa alikuwa amekwisha fika, na vijana walikuwa wameanza kutawanyika. Hawakumpiga mama. Vitu vyake vilikuwa matopeni, naye alikuwa ameketi juu ya mfuko wa nguo, ametulia kama mtu angojaye motokari. Akaniambia, «Mwalimu, umelowa.» Usiku uleule akapelekwa kwa binti yake, upande wa Kabare.

Katika vijana wale, wawili niliwafundisha mimi mwenyewe dini ya Kipaimara.

*

Sitaki kuandika hapa juu ya uchawi wenyewe. Mapadri wetu wamesema, serikali imesema, na mwaka 2021 hata magazeti ya ng'ambo yalieleza habari za wanawake waliouawa kwa masingizio hayo katika vijiji vya Kivu ya Kusini. Anayetaka kusikia amekwisha sikia. Nataka kulichunguza neno la kijana yule mwenye ufagio. Nililikasirikia siku nyingi, kisha nikaona ya kuwa sijalijibu. Hasira haijibu neno.

Katika seminari tulifundishwa kuivunja hoja vipande vipande, kama mtu apasuaye kuni ili aone kama ndani mna mchwa. Basi hoja ya kijana ina vipande viwili. Cha kwanza: mtu ni mavumbi. Cha pili: mavumbi ni takataka. Ukivikubali vyote viwili, ufagio unakuja wenyewe. Mtoto hufagiliwa akiwa mgonjwa sana, mzee hufagiliwa akiisha kuzeeka, na mkimbizi hufagiliwa akifika akiwa hana kitu. Nami niliona kwa mshangao ya kuwa kipande cha kwanza nimekihubiri mimi mwenyewe, na kipande cha pili sijakikanusha hata mara moja katika miaka yangu yote ya ukatekista.

Msaada ulinijia kutoka mahali nisipopatarajia.

Katika shirika letu kuna mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari. Sisi humwita Profesa, kama ilivyo desturi yetu. Baada ya sala ya shirika, usiku mmoja, umeme ulikatika katika mtaa wote. Mawingu yalikuwa yameondoka. Tukakaa nje, na nyota zilikuwa nyingi kiasi cha kumfanya mtu anyamaze. Nikamweleza Profesa habari ya ufagio. Hakujibu mara moja. Akanyosha mkono upande wa kusini akasema, «Mwalimu, kule katika kundi la nyota waliloliita Vela, yaani tanga, kuna nyota iliyozeeka ambayo imezungukwa na mavumbi. Kwa macho huwezi kuiona. Lakini wataalamu wameona mavumbi yake, nao walishangaa kama wewe.»

Nitawaeleza kadiri nilivyofahamu mimi, nanyi mnisamehe mahali nitakapokosa.

Nyota ni tanuru. Ndani yake mna hewa nyepesi iitwayo haidrojeni, nayo kwa joto kubwa hugeuka kuwa heli, na mageuzi hayo ndiyo yatoayo mwanga. Jua letu lafanya kazi hiyo tangu miaka miliardi 4,6, na lina akiba ya miaka kama miliardi 5 hivi. Akiba ya katikati ikiisha, nyota ya namna ya Jua haizimiki palepale kama taa iliyokosa mafuta. Kwanza huvimba ikawa jitu jekundu. Kisha hupumua kwa nguvu, na kila pumzi huondoa sehemu ya mwili wake wa nje, mpaka katikati kumebaki kiini kitupu, kidogo kama dunia yetu kwa ukubwa, lakini kizito kama nusu ya Jua au zaidi, na chenye moto usioelezeka. Moto huo huyaangaza yale yaliyotupwa, nayo yaonekana kama pete, au kipepeo, au jicho. Mtaalamu William Herschel, aliyeishi Uingereza katika karne ya 18, aliyaona mawingu hayo kwa darubini yake akayapa jina la sayari, kwa kuwa yalionekana mviringo kama sayari. Alikosea, maana hayana udugu na sayari, lakini jina limebaki hata leo. (Majina mabaya hubaki. Mama yule aliitwa jina moja kwa usiku mmoja, nalo litamfuata mpaka kaburini.) Mwaka 1864 mwingereza mwingine, William Huggins, aliupasua mwanga wa wingu mojawapo kwa kioo chake akathibitisha ya kuwa ni hewa ing'aayo.

Mawingu haya hayadumu. Kwa hesabu ya mbingu ni ya kupita tu: makumi elfu ya miaka, kisha hutawanyika yasionekane tena.

Sasa twafika penye mavumbi. Watu walidhani ya kuwa nyota iliyokwisha kumwaga mwili wake namna hiyo, karibu yake kumebaki safi. Pumzi zake zenyewe zilifagia. Tena mwanga wa kiini, wenye joto la digrii zaidi ya 100,000, wapaswa kuendelea kufagia kila punje ndogo. Ufagio juu ya ufagio! Lakini mwaka 2007 wataalamu wa chuo kikuu cha Arizona, Marekani, wakiongozwa na mwanamke mmoja aitwaye Kate Su, walitangaza habari ya wingu liitwalo Helix, lililo mbali na sisi kadiri ya miaka 650 ya mwanga. Walilitazama kwa darubini Spitzer, iliyorushwa angani mwaka 2003, nayo iliweza kuona joto ambalo macho hayaoni, kama vile mtu gizani anavyojua kwa mkono wake ya kuwa jiko lina moto. Kandokando ya kile kiini walikuta joto la ziada. Ni vumbi. Limejitandaza kulizunguka kama ungo mkubwa, tangu umbali wa mara 35 ya safari ya kutoka hapa mpaka Jua, hata mara 150.

Nikamwuliza Profesa, «Kama pamefagiliwa, vumbi hilo limetoka wapi tena?»

Akasema, «Ndilo swali walilojiuliza.»

Walipolitafuta mahali pengine walilikuta. Mwaka 2011 wenzao walitoa habari ya nyota 71 za moto za namna ile walizozikagua; 9 zilikuwa na joto la ziada, na 7 katika hizo zilikuwa bado katikati ya wingu lao. Si nyingi, wala si mbili tatu tu za bahati.

*

Majibu yako mawili, na wataalamu hawajapatana, au labda yote mawili ni kweli, kila moja kwa nyota zake.

Jibu la kwanza ni hili. Nyota ilipokuwa kijana ilikuwa na jamaa yake: sayari, na nyuma ya sayari yale mawe ya barafu yanayokuja mara nyingine yakiwa na mkia, tunayoyaita kometi. Kila moja lilikuwa na njia yake, nayo yalizunguka kwa amani miaka miliardi. Amani hiyo ililindwa na uzito wa nyota, kwa kuwa uzito wake ndio uliowashika wote. Nyota ilipozeeka ikapoteza nusu ya uzito wake au zaidi, mkono ulilegea. Njia zilipanuka, zikapishana, zikakatana. Mawe yaliyokuwa hayajakutana kamwe yakaanza kugongana na kusagana. Basi vumbi lile si mwili wa mzee. Ni vumbi la jamaa wanaogongana baada ya mzee kupungukiwa na uzito.

Nilipolisikia neno hili, naliona wazi kiwanja cha mama mjane. Mumewe alipokuwa hai, watoto wa wake wawili walikula meza moja, si kwa kupendana, bali kwa kuwa baba yupo. Alipoondoka walianza kugongana kwa ajili ya parsele ile yenye upana wa hatua chache. Vumbi likaruka. Na vumbi lilipoonekana, watu walisema ni la yule mzee aliyebaki katikati. Mimi nawaambieni, katika masingizio ya namna hii niliyoyaona kwa macho yangu Bukavu, sijaona hata moja ambalo nyuma yake hakuna shamba, au kiwanja, au mahari, au deni. Kwanza watu hugombana; mchawi hupatikana baadaye.

Jibu la pili ni tofauti. Nyota nyingi hazikai peke yake. Huzaliwa mbili au tatu, nazo huzungukana. Mmoja akizeeka na kumwaga mwili wake, mwenzake hupita katikati ya yale yanayomwagwa, akayakoroga, akayapinda, mengine yakashindwa kwenda zake, yakakaa yakizunguka. Hapo ungo wa vumbi ni kazi ya mwenzi. Hii ndiyo habari ya nyota ya Vela aliyonionyesha Profesa. Darubini kubwa iitwayo James Webb ilirushwa kutoka Kourou, Amerika ya Kusini, tarehe 25 Desemba 2021, sikukuu ya Noeli yenyewe. Picha zake za kwanza zilitolewa Julai 2022, na mojawapo ilikuwa ya wingu hilo, liitwalo Pete ya Kusini. Katikati yake kuna nyota mbili zinazoonekana. Moja yang'aa sana, na mtu asiyejua hudhani ndiyo yenye wingu. Sivyo. Mwenye wingu ni ile hafifu iliyo kandoni, ambayo katika picha moja ilionekana nyekundu: imejifunika vumbi. Desemba 2022 wataalamu karibu 70, pamoja na Orsola De Marco wa Sydney, walieleza ya kuwa nyota ile hafifu ilizaliwa na uzito karibu mara 3 ya Jua, leo imebaki na kidogo zaidi ya nusu ya Jua. Na ya kuwa umbo la wingu na la vumbi lake haliwezi kueleweka pasipo wenzi wengine wasioonekana, wawili au hata zaidi.

Nilirudi kuitazama picha ile katika simu ya Profesa mara nyingi. Ile inayong'aa ndiyo macho yanaikimbilia. Iliyotoa kila kitu huoni mpaka uambiwe.

Msidhani ya kuwa mambo haya ni ya nchi za mbali tu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru wake, chombo kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nacho kikaitwa kwa lugha yetu: Uhuru. Chombo hicho ndicho kilichosaidia watu kufahamu ya kuwa nyota nyingine zilizokwisha kufa huvuta mata ya mwenzi wake aliye hai, na mata hiyo huzunguka kabla ya kuanguka. Ni jambo jingine, lenye moto zaidi, lakini ni ndugu wa jambo letu.

*

Sasa kipande cha pili cha ile hoja: mavumbi ni takataka.

Nilimwuliza Profesa, vumbi lile la nyota wazee ni kitu gani hasa? Akasema ni masizi, kama yale yaliyo chini ya sufuria, na punje zinazofanana na mchanga. Mwaka 2025 James Webb ilitazama wingu liitwalo Kipepeo, na katika vumbi lililofunga kiuno cha kipepeo huyo wataalamu wakakuta vipande safi vya namna ya kioo, kama kwatsi, ile tuipatayo katika mawe.

Kisha akasema neno lililonifanya niyatazame makala ya jikoni kwangu kwa heshima. Kaboni, yaani kile kinachoyafanya makala kuwa makala, na mti kuwa mti, na nyama kuwa nyama, kwa sehemu kubwa ilipikwa ndani ya nyota za namna hii katika uzee wao, ikamwagwa pamoja na pumzi zao. Ujana wa nyota hauitengenezi. Vilevile sehemu kubwa ya bati iliyomo ulimwenguni ilipikwa polepole katika majitu mekundu yaliyozeeka. Basi ile kasiterite ambayo vijana wetu wanaifuata mashimoni, ambayo wengine wamefukiwa nayo, na kwa ajili yake bunduki zimelia katika Kivu miaka mingi, hiyo ni urithi wa nyota wazee. Twauana kwa ajili ya mavumbi yao, na wazee wetu twawafukuza kwa kuwa ni mavumbi.

Kwa hiyo kipande cha pili cha kijana ni uongo, tena si uongo wa dini, ni uongo wa jambo lenyewe jinsi lilivyo. Vumbi ni mbegu ya karibu kila kitu. Jua letu lilikusanyika kutoka katika wingu lenye vumbi la nyota zilizotangulia, na dunia nayo, na Cimpunda pamoja na matope yake.

*

Hapa ningeweza kuishia, na pengine baadhi yenu mngeridhika. Lakini nina shaka moja nami siwezi kuificha.

Sisi wahubiri tunapenda kuzifanya nyota zihubiri. Ni jambo rahisi, kwa kuwa nyota hazikatai. Nyota hutoa mwili wake, basi mtu naye atoe. Nyota hupoteza nuru, basi mtu awe mnyenyekevu. Na kadhalika, mpaka misa itakapokwisha. Lakini nyota haikutoa kwa kupenda. Haina mapenzi wala hisani. Ilimwaga kwa kuwa sheria za maumbile ziliilazimisha. Tena mtu mwovu angeweza kusoma habari hizi kinyume: tazama, angesema, hata mbinguni mzee akilegea jamaa husagana, ndiyo desturi ya ulimwengu. Nami ningemjibu nini?

Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji, mwalimu wa Louvain, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufa mwaka 1966, ndiye aliyefundisha ya kuwa ulimwengu ulianza kutoka katika kitu kidogo kisha ukatanuka. Mwaka 1951 Baba Mtakatifu Pius XII alizungumza juu ya elimu hiyo kana kwamba inaunga mkono habari ya uumbaji. Mngetazamia ya kuwa Padri Lemaître alifurahi. Hakufurahi. Yeye alishika ya kuwa elimu ya nyota iachwe ifanye kazi yake yenyewe, isiwekwe kuwa nguzo ya imani, wala isiwekwe kuwa nyundo ya kuipiga. Padri huyo alisali kila siku, naye alijua mbingu kuliko sisi sote.

Basi nami najizuia. Vumbi la Helix halithibitishi ya kuwa mama mjane ana thamani. Limefanya kazi moja tu, nayo ni kubwa kiasi chake: limeuondoa ufagio mkononi mwa kijana. Hawezi tena kusema mavumbi ni kitu cha kutupa. Lakini kuondoa ufagio si kumkaribisha mama nyumbani. Kwa hilo sharti turudi kwenye kipande cha kwanza, kile nilichokihubiri mimi.

Mtu ni mavumbi. Ni kweli. Lakini Maandiko hayaishii hapo. Kitabu cha Mwanzo chasema ya kuwa Mungu alimfanya mtu kwa mavumbi, kisha akampulizia pumzi. Makala yana kaboni ileile aliyonayo mama, lakini makala hayakusema «Mwalimu, umelowa». Yeye, akiwa ameketi juu ya mfuko wake, katika saa ile ambayo kila haki ya kulia alikuwa nayo, aliona ya kuwa mtu mwingine amelowa na mvua. Nyota hailioni hilo kwa mwenzake. Katika umbali wote ule wa miaka ya mwanga, kadiri tujuavyo, hakuna kinachoona hivyo isipokuwa huku kwetu, na aliye na pumzi hiyo anayo pia akiwa na miaka 70, anayo akiwa macho yake ni mekundu, anayo hata jirani zake wakiwa wamekubaliana wote ya kuwa hana.

Nami miaka yote nilifundisha nusu. Jumatano ya Majivu nilisimama mbele ya watoto nikawaambia ya kuwa watarudi mavumbini, nikawatisha kidogo, nikaona wamenyamaza, nikafurahi kwa kuwa wamenyamaza. Nusu ya pili niliiacha kwa kuwa haitishi. Kijana mwenye ufagio alikuwa mwanafunzi mzuri, na alikariri nilichompa.

Nilimtafuta baada ya Pasaka. Tulizungumza kando ya njia, penye kisima. Nilimwambia haya yote, ya nyota na ya pumzi. Alisikiliza kwa adabu, maana vijana wetu wana adabu mchana. Kisha akaniuliza, «Mwalimu, siku ile ulikuwa wapi mpaka ukachelewa?» Nikamwambia nilikuwa nyuma ya mlango wangu. Akanitazama kwa muda. Hakuomba msamaha kwa ajili ya mama, na mimi sikuweza kumdai palepale, kwa kuwa wote wawili tulikuwa wadeni. Tangu siku hiyo huja sala ya shirika mara mojamoja, hukaa nyuma.

Mama hajarudi. Vyombo vyake vilikusanywa na wamama wa shirika na kupelekwa Kabare, sufuria mbili hazikupatikana. Juu ya parsele yake pana nyumba mpya ya mbao, yenye mabati mapya, nami napita hapo kila siku niendapo kanisani. Mjukuu wake alikuja sokoni Kadutu mwezi uliopita, akaniletea salamu na swali: bibi auliza kama jina lake lingali katika daftari la shirika. Nilimjibu limo, katika ukurasa wa kwanza, na michango ya mwaka huu imelipwa na mtu ambaye hakutaka kutajwa.